Injini ya Ukoo Mzima

Uvumi ulimfikia Evodia akimenya ndizi nyuma ya nyumba yake huko Kibeta, Bukoba. Aliyeuleta alikuwa jirani yake Consolata, mwanamke ambaye hajawahi kuingia kwa mtu na habari njema.

"Mama Mujuni, waitu, mwenzetu, unajua wanachosema vijana wa bodaboda pale kituoni?"

"Wana lipi la maana wale?"

"Wanawekeana dau. Eti siku ya harusi, Lilian wako atafika Nshamba na shela kichwani, au shela litabaki linaning'inia kwenye mti wa kahawa njiani."

Consolata akacheka, akajichukulia ndizi mbivu mbili bila kuomba, akaenda zake. Evodia akabaki na kisu mkononi. Alijiambia hayo ni maneno ya watu waliokosa abiria. Alijiambia hivyo akimenya, akajiambia hivyo akipika. Hata Jumapili kanisani, padri alipokuwa akitangaza ndoa ya Lilian, macho ya Evodia yalikuwa kwenye madhabahu lakini alichokiona ni ule mti wa kahawa na kitambaa cheupe juu yake.

Uvumi ule haukutoka hewani. Ulitoka gereji, chini ya turubai, kwenye Cressida ya marehemu mumewe.

Marehemu aliacha kibanja cha migomba, watoto wawili, na gari hilo la zamani lenye injini ya silinda sita zilizojipanga mstari mmoja. Injini ile ilikuwa ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mujuni, mwanawe wa kiume, ndiye aliyeliendesha. Lilipeleka wagonjwa hospitali, lilipeleka ndizi sokoni Bukoba, na Nshamba lilishafika mara nyingi tu, likiwa limesheheni mpaka matairi ya nyuma yanalia. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kulilalamikia.

Ndipo Lilian akapata mchumba wa Nshamba, ikakubaliwa ndoa ifungwe kwenye parokia ya huko, na ndugu sita wa marehemu wakakaa kikao. Wakaona gari halitoshi. Si kwamba lingeshindwa kufika. Lilipungukiwa heshima. Walisikia upande wa bwana harusi kuna kijana anayerudi kutoka Dar es Salaam kila Krismasi na gari jipya, na kwamba kijana huyo atakuja kuupokea msafara njiani. Wanaume wazima, wenye wajukuu na wenye vyeo kwenye jumuiya za kanisa, hawakulala vizuri kwa sababu ya gari la kijana mmoja.

"Bibi harusi wetu atatangulia," alisema Kaijage, kaka mkubwa wa marehemu. "Hao wa Nshamba wataona taa zetu za nyuma tu. Na wakichelewa, hata hizo hawataziona."

Kwa hiyo injini ikaamuliwa ijengwe upya, iwe na nguvu. Ingewekwa turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu, na turbo yenyewe ingetolewa kwenye gari lililopinduka. Matundu ya silinda yangechongwa yawe makubwa zaidi, na pistoni, vile vyuma vinavyopanda na kushuka ndani yake, zingekuwa mpya. Kazi akapewa fundi Mushumbusi, aliyetaka kuitwa Injinia na akaitwa, maana hapo kwetu mtu akilitaka jina kwa bidii hupewa ili anyamaze. Mushumbusi alivaa koti jeupe gereji, na koti halikuwa na doa hata moja la oili. Watu waliliona lile koti wakasema, tazama usafi. Evodia aliliona akajiuliza ni nani basi anayefanya kazi.

Sasa hapo ndipo ukoo ulipofanya jambo ambalo, kwa hakika, ni wao tu wangeliweza.

Kila penye harusi kuna michango. Lakini ndugu hawa sita hawakukubali mchango wa mmoja umezwe na wa mwenzake, ukapotea jina. Nani atajua kipi cha nani? Ishengoma, mdogo wao, aliyekuwa na simu kubwa na maneno makubwa kuliko simu, ndiye aliyetoa wazo.

"Silinda ni sita. Na sisi tupo wangapi?"

Wakahesabiana kwa macho. Wakaona Mungu mwenyewe amelipanga.

Kila mmoja akaenda kutafuta pistoni yake. Kaijage akaifuata yake Kampala, akarudi nayo kupitia mpaka wa Mutukula akiwa ameivisha kitenge na kuipakata kama mtoto wa kubatizwa. Ishengoma akaagiza yake Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na kabla haijafika picha yake ilikuwa imeshatumwa kwenye kundi la ukoo la simu mpaka watu wakaichoka. Mwingine alipata yake Mwanza. Wawili walinunua Bukoba, kila mmoja duka lake, kwa sababu mmoja alisema hawezi kununua alikonunua mwenzake kama vile anamwiga. Wa sita akaing'oa kwenye gari lililokufa Muleba, akaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka ikang'aa, akaapa kwamba ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu imeshazoea kazi.

Wakazikabidhi kwa sherehe. Ndiyo, sherehe. Uwanjani kwa Evodia, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikiwa mezani, kila pistoni juu ya sinia lililotandikwa jani la mgomba.

"Hii imetoka Kampala," alisema Kaijage akiinua yake. "Wanaojua magari wanajua."

"Kampala!" Ishengoma akadakia. "Si ndiko yanakokwenda kufia magari ya Dar? Kaka, umeleta marehemu nyumbani."

"Na wewe yako imekuja na basi peke yake, kama mtoto aliyetoroka shule."

"Imekuja peke yake kwa sababu ina akili."

Watu wakacheka mpaka rubisi ikamwagika. Mushumbusi naye akacheka, mikono kwenye mifuko ya koti. Mujuni alikuwa amesimama katikati yao, uso unang'aa. Tangu baba yake afe hakuwahi kuwaona baba zake wakubwa na wadogo wamemzunguka hivi. Mama yake aliuona ule uso, na ndio uliomtia hofu kuliko injini.

Jioni aliposhika masinia kuyaondoa, Evodia aliinua pistoni moja, akaiweka. Akainua nyingine. Huhitaji kusoma ili kujua kizito na chepesi. Ya Kampala ilivuta mkono chini. Ya Muleba ilikuwa kama kikombe kitupu. Na mbili zile za Bukoba, ukizisimamisha pamoja, moja ilimpita mwenzake unene kwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Kesho yake akaenda gereji.

"Injinia," alisema, akilitamka hilo jina kama mtu anayetema mbegu, "hizi zinaingiaje kwenye injini moja wakati hazilingani?"

Mushumbusi akaangalia huku na huku, akamsogezea kigoda.

"Kaa, mama. Kila tundu tutalichonga kwa kipimo cha pistoni yake."

"Na uzito?"

"Uzito..." Akajikuna shingo. "Mama, nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe ni mtu mzima. Inatakiwa zilingane. Injini kama hii ya mstari inatulia kwa sababu zote sita zinapanda na kushuka zikiwa ndugu wa tumbo moja. Ni kama watu wanaobeba mgonjwa kwenye machela. Mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, mgonjwa anakwenda akirushwarushwa."

"Na mwisho anaanguka."

"Wakienda polepole, anaweza asianguke."

"Na wao wanataka kwenda polepole?"

Mushumbusi akavuta mkono wa koti lake, akaunyoosha.

"Kwa nini usiwaambie?"

"Mimi?" Akashangaa kana kwamba ameambiwa avue lile koti. "Nimwambie Mzee Kaijage pistoni yake ibaki mezani, ya Ishengoma iingie? Mama Mujuni, mimi naishi hapa hapa. Nina watoto."

"Na mimi je, nina nini?"

 Kwa hiyo Mushumbusi alijua. Hilo Evodia hakulisamehe, wala hapaswi kulisamehe mtu yeyote mwenye mtoto. Mjinga anayeharibu kwa kutojua unaweza kumhurumia. Huyu alijua, akakunja ujuzi wake akautia mfukoni, akaendelea kuchonga.

Evodia akamgeukia mwanawe. Mujuni alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Mujuni, toka huko tuzungumze."

"Nakusikia, mama."

"Pistoni hazilingani. Fundi mwenyewe amekiri."

Akatoka, uso mweusi kwa oili, meno meupe. "Mama, fundi amesema watapunguza uzito kwa kukwangua. Na tukishamaliza, hili gari hakuna wa kulishika kutoka hapa mpaka Muleba."

"Nani anayelikimbiza mpaka tuhofu kushikwa?"

"Huwezi kuelewa."

"Nieleweshe. Mimi ni wa darasa la saba, sema taratibu."

Akainama, akaokota spana. "Baba wakubwa wameniamini, mama. Kila mtu katoa chake. Nikisema moja haifai, nitamwambia nani? Ukoo mzima umo ndani ya ile injini."

"Ndiyo maana haina nafasi ya akili."

Akacheka kidogo, kwa heshima, akarudi chini ya gari. Na hivyo ndivyo mtoto anavyokutoka: anakucheka kwa heshima.

Akamwendea Lilian pia. Lilian alikuwa anajaribu viatu. "Mama, baba mkubwa anasema usinitie nuksi," alisema, na akaanza kulia, si kwa ajili ya gari, ila kwa sababu maharusi hulia kwa lolote. Evodia akainama akamtafutia kiatu cha pili. Ungemwambia nini mtoto mwenye kiatu kimoja mguuni?

Siku injini ilipowashwa mara ya kwanza, ndugu wote sita walikuwepo. Iliwaka kwa mshindo, kuku wa jirani wakapotelea vibanjani. Boneti lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ishengoma aliweka bilauri ya maji juu yake ili apige picha ya utulivu wa injini, bilauri ikatembea mpaka ukingoni ikaanguka, ikavunjika.

"Hiyo ni nguvu!" alipiga kelele Ishengoma. "Mmeona? Nguvu imeshindwa kukaa ndani!"

Wakapiga makofi. Kila mmoja aliinamisha sikio, akidai ameitambua sauti ya pistoni yake. Injini mpya hutakiwa izoeshwe, iendeshwe kwa utulivu siku nyingi, oili ya kwanza imwagwe, mtu asikilize. Mushumbusi alilisema hilo kwa sauti ndogo. Kaijage akamjibu kwamba itazoea njiani, kwa sababu hata bibi harusi huzoea akishafika.

Siku ya harusi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji. Cressida ilisimama mlangoni na maua ya plastiki kwenye boneti, ikitetemeka. Nyuma yake yalipangwa magari mengine ya msafara, la kwanza likiwa Noah ya kukodi iliyojaa shangazi, mapambo na masufuria.

Sasa, katika ukoo huo mama mzazi hamsindikizi binti yake. Anaagana naye mlangoni, anageuka, anaingia ndani, na hatazami nyuma. Kumfuata binti ukweni siku hiyo ni aibu ambayo ingesimuliwa Nshamba mpaka vitukuu. Ndugu wa marehemu waliishika mila hiyo sana, kama walivyoshika kila mila isiyowagharimu wao.

Evodia akatoka ndani. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kijani, gauni refu la heshima, na amebeba mkoba. Akampita Lilian aliyekuwa anamsubiri kwa machozi, akampita Kaijage, akafungua mlango wa nyuma wa Cressida, akaketi katikati, mahali pa bibi harusi, akauweka mkoba magotini.

Kaijage akaja, akainama dirishani.

"Shemeji," alisema Kaijage polepole, "umekosea gari. Wewe huendi."

"Naenda."

"Mama mzazi haendi ukweni!"

"Basi bibi harusi asipande humu. Awekwe kwenye Noah."

"Shemeji, gari hili limejengwa kwa ajili yake!"

"Limejengwa vizuri?"

"Limejengwa na ukoo!"

"Nimeuliza limejengwa vizuri. Kama ni zuri, linipeleke mimi kwanza. Mimi nimeshazaa, nimeshalea, hata nikivunjika hakuna mahari ya kurudishwa."

Shangazi mmoja ndani ya Noah aliangua kicheko akajiziba mdomo na kanga. Ishengoma akaja mbio, simu mkononi. "Shemeji, watu wanarekodi! Shuka, waitu, usitudhalilishe."

"Nivute basi. Warekodi ukinivuta."

Hakuna aliyethubutu. Mujuni alikuwa kwenye usukani, masikio yamemwiva. "Mama," alinong'ona bila kugeuka, "unaniaibisha mbele ya wazee."

"Najua, mwanangu. Endesha."

Wakajadiliana pembeni kama maaskofu. Bibi harusi na mama yake wasingeweza kukaa gari moja kwenda ukweni, hilo wote walilikubali. Kuiacha Cressida nyumbani hakuna aliyetaka hata kulisikia, kwa maana Nshamba ilishaambiwa. Ikaamuliwa Lilian apande Noah, Cressida itangulie kama ilivyopangwa, na huyu mwanamke ashushwe Muhutwe kwa dada yake Jovita, kabla wakwe hawajamwona. Kaijage akapanda kiti cha mbele ili kuhakikisha. Lilian akaingia katikati ya masufuria, shela limeshikwa na shangazi wawili. Evodia alimtazama kwenye kioo mpaka mlango ulipofungwa, na kwa mara ya kwanza tangu Consolata aje na maneno yake, akapumua.

Nusu ya mzigo wake ilikuwa salama. Nusu nyingine ilikuwa mbele yake, imeshika usukani.

Mpaka Kemondo gari lilikwenda kwa kishindo lakini lilikwenda. Evodia alihisi mtetemo ukipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Kaijage alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, anatabasamu.

"Unasikia hiyo nzito, dup, dup? Hiyo ni ya Kampala."

"Na hiyo inayogonga?" aliuliza Evodia.

"Hiyo labda ya Ishengoma."

"Mujuni, inagonga. Simama."

"Haigongi, mama. Ni turbo."

Baada ya Kemondo, kwenye kilima kirefu kinachopanda kuelekea Muhutwe, wakaliona gari la yule kijana wa Nshamba limeegeshwa pembeni, jeupe, linang'aa, limekuja kuwapokea. Kijana alipowaona akapiga honi kwa adabu, akaingia barabarani mbele yao, apate kuwaongoza. Ilikuwa heshima. Kaijage aliipokea kama tusi.

"Mpite."

"Baba mkubwa, ni kilima..."

"Ndiyo maana nasema mpite! Tumechanga kwa ajili ya tambarare?" Simu yake ikalia, ni Ishengoma kutoka gari la nyuma, akiwa amepaza sauti mpaka Evodia akaisikia: "Mwambie akanyage! Awaonyeshe!"

"Mujuni, mwanangu," alisema Evodia, "mimi ndiye niliyekuzaa. Usikanyage."

Mujuni akamtazama mama yake kwenye kioo. Akamtazama baba yake mkubwa. Akakanyaga.

Kwa kitambo kidogo, lazima isemwe, gari liliruka. Turbo ililia kama filimbi, wakamfikia yule kijana, wakawa sambamba, Kaijage akapunga mkono nje ya dirisha. Kisha kukatokea mlio kama wa mtu anayevunja sufuria kwa shoka. Gari likashtuka. Moshi ukafunika kioo. Kitu kilikuwa kimetoboa tumbo la injini kikatoka nje, oili ikamwagika barabarani chini ya matairi yake lenyewe, na nguvu yote ya ukoo ikaisha papo hapo, katikati ya kilima.

Injini ilipokufa, breki nazo zikawa ngumu kama jiwe. Gari likaanza kurudi nyuma, likateleza kwenye oili yake, likaiacha barabara likaingia kwenye kibanja cha watu, kinyumenyume, likaangusha migomba mmoja baada ya mwingine, mpaka migomba ikalichosha likasimama.

Wa kwanza kutoka alikuwa Kaijage. Hakugeuka kuangalia nani kabaki.

Evodia alitoka na mkoba wake, akamfungulia mwanawe mlango. Mujuni alikuwa mzima. Hakuwa na hata mchubuko. Mama yake akamshika uso kwa mikono miwili, akasema, "Asante Mungu, asante Mungu. Njoo huku mbali, mwache huyo mnyama afe."

Na hapo ingeweza kuisha. Kila kitu kingekuwa hasara ya chuma tu. Lakini ndugu wa marehemu walikuwa wameshashuka kwenye magari yao na kuteremka mbio kibanjani, suti zimekwama kwenye mahindi.

"Ni ipi iliyokufa?" alihema Ishengoma. "Fungueni tuone!"

"Si yangu," alisema Kaijage. "Yangu niliisikia mpaka mwisho."

"Mujuni, fungua boneti tuone ni ya nani!"

"Usifungue!" alisema Evodia. "Kuna moto ndani, unanuka, usifungue!"

"Shemeji, haya ni mambo ya wanaume. Mujuni, fungua."

Mujuni akafungua. Hewa ikaingia, ile oili iliyokuwa ikifuka juu ya turbo iliyoiva ikalipuka mara moja, na moto ukamshika mkono wa kulia na upande wa uso.

Wanaume sita wakarudi nyuma kama mtu mmoja. Hapo ndipo walipolingana.

Evodia ndiye aliyemvuta akamwangusha chini. Alimfunika kwa pindo la gomesi yake, akarukia mgomba ulioanguka, akamenya magamba ya shina yaliyojaa maji, akayakandamiza mkononi na usoni mwa mwanawe mpaka ule moto wa nguo ukafa. Yule kijana wa Nshamba, ambaye jina lake Evodia hakulijua siku ile, alikuja mbio na dumu la maji kutoka kwenye gari lake, akamwagia, akamwagia tena. Mmoja wa wale ndugu akapendekeza dawa ya meno. Mwingine akasema bora oili safi.

"Atakayempaka mwanangu kitu," alisema Evodia, "nitamng'oa mkono."

Noah, iliyokuwa imebaki nyuma kwa mzigo wake, ikapita juu barabarani. Shangazi walimziba Lilian macho. Alifika Nshamba, aliolewa, shela kichwani, na aliambiwa baadaye.

Mujuni alilazwa hospitali kwa muda mrefu, mkono umefungwa kama mtoto mchanga. Ngozi ya shavu ilirudi. Vidole vya kulia viliungana kwa makovu, na daktari alisema kwa upole kwamba kushika spana itakuwa shida. Mushumbusi alikuja mara moja, bila koti, akasimama mlangoni, akaondoka. Ndugu wa marehemu walikuja kwa zamu, na kila mmoja akikaa kwenye kiti alieleza kwa utaratibu kwamba iliyovunjika haikuwa yake. Baada ya kuwasikiliza wote, ungeamini injini ile haikuwa na pistoni hata moja.

Wa mwisho kuja alikuwa Kaijage. Alileta soda, akaiweka mezani.

"Mujuni, tumekaa kikao. Ukoo umeaibika Nshamba. Tumeona tununue injini nyingine, kubwa zaidi, na safari hii..."

Evodia alifungua mdomo, lakini Mujuni alimwahi.

"Baba mkubwa," alisema, "nina kiu. Nishikie kikombe ninywe."

Kaijage alikiangalia kikombe cha plastiki. Aliiangalia mikono ya kijana, mmoja kwenye bandeji, mwingine una sindano ya maji. Aliangalia kitanda cha jirani, ambako watu walikuwa wanatazama. Mzee wa heshima, akamnyweshe mwanaume mzima maji kama yaya?

"Mama yako si yupo," alisema. Akaiangalia saa yake, akasimama, akaaga.

Mujuni alimsubiri apotee koridoni. "Mama," alisema, "mwambie anayenunua chuma chakavu aje alichukue."

"Gari lote?"

"Lote. Na kama baba mkubwa atauliza injini, mwambie imekwenda."

Evodia akamshikia kikombe.

Mama unayesoma, una kijana gereji na una ndugu wa mume. Epuka haya:

Kuweka pistoni zisizolingana kwenye injini moja, hata kama zimeletwa na wazee.

Fundi anayeogopa watu kuliko anavyoogopa makosa.

Kuongeza nguvu kwenye gari la zamani na kuacha breki zake za zamani.

Kuikimbiza injini mpya kabla haijazoeshwa na oili ya kwanza haijamwagwa.

Kuendelea na safari injini ikigonga, na kujiambia ni turbo.

Kushindana kilimani, hasa na mtu aliyekuja kukupokea.

Kufungua boneti linalofuka moshi.

Kupaka dawa ya meno au oili mahali palipoungua. Maji safi, kisha hospitali.

Kumpandisha bibi harusi kwenye gari ambalo hujalipanda wewe.

Kunyamaza kwa sababu umeitwa shemeji.